Meneja Ameuliza

Fulana zilirudi Jumanne asubuhi, elfu mbili na mia nne, ndani ya magunia yaleyale yaliyozipeleka, na juu ya gunia la kwanza mteja alikuwa amebandika picha. Kwenye picha hiyo golikipa wa shule mojawapo ameruka, mikono juu, anadaka mpira. Mpira kaudaka, hilo halina ubishi. Lakini fulana imempanda hadi mbavuni na kitovu cha mtoto wa watu kiko nje, kila mtu anakiona. Chini ya picha mteja aliandika kwa kalamu nyekundu: "Hii ndiyo saizi kubwa?"

Meneja wa kiwanda aliitwa Bwana Rula. Lile jina la kwenye kitambulisho lilitumika hospitali tu. Urula aliupatia kwenye meza ya kukatia, kwa sababu alikuwa mkataji kwa miaka ishirini, na mstari wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba mafundi wabishi waliuwekea rula kutafuta kosa wakaondoka mikono mitupu. Suruali za kaki, mashati ya sare, aproni, makoti ya mafundi makenika, vyote vilipita chini ya mkasi wake. Miaka mitatu iliyopita Tajiri, mwenye kiwanda, alimtoa mezani akampandisha ghorofani, akampa ofisi yenye dirisha kubwa la kioo linalotazama chini kwenye ukumbi wa kushonea. Tangu hapo mkasi aliushika mara moja tu, siku ya kukata utepe wa choo kipya.

Alichomoa fulana moja akaipima. Ilikuwa fupi kwa vidole vinne. Akachomoa nyingine, na nyingine, mpaka ya kumi. Vidole vinne, vidole vinne, kama zilikaa kikao zikakubaliana.

Tajiri alifika kabla ya chakula cha mchana. Huyu hakuwa mtu wa kelele. Akikasirika hushusha sauti, na akikasirika zaidi huishusha zaidi, mpaka inabidi umsogelee ili usikie vizuri unavyosemwa.

"Mteja nimemwahidi vitu viwili," alisema. "Fulana mpya ndani ya wiki tatu, na aliyefanya uzembe huu aondoke. Ijumaa saa sita nataka ripoti mezani kwangu, na ndani ya ripoti nataka jina."

"Jina moja?"

"Kwani nimesema orodha?"

Sasa, ili mambo yaeleweke, turudi nyuma miezi miwili. Tajiri alikuwa amempeleka Bwana Rula kwenye semina ya viongozi, siku tatu katika ukumbi wa hoteli, viti vina mito na chupa za maji zimepangwa kama askari wa gwaride. Mtoa mada, mwanamama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwaambia kwamba mtu akishapanda cheo huacha kujifunza, kwa sababu hakuna tena anayethubutu kumsahihisha. Dawa yake, akasema, ni udadisi. Uliza. Kila siku uliza. Maneno yale yalimwingia Bwana Rula, kwa kweli yalimchoma, maana katika miaka mitatu ya ghorofani hakuwa amejifunza kitu kipya zaidi ya kuwasha kompyuta. Hakutaka kuzeeka akiwa mtu wa namna hiyo. Tena tusimwonee: nia yake ilikuwa safi kabisa. Aliporudi alinunua kijitabu cha mfukoni, akaapa kuuliza maswali matatu kila siku ya kazi. Akiuliza swali anaweka tiki. Tiki tatu zikitimia, siku imekwenda vizuri.

Kijitabu kilikuwa na nafasi ya tiki. Nafasi ya majibu hakikuwa nayo, na yeye wala hakuliona pengo hilo.

Basi akaanza. Alimwuliza mama wa chai, "Hivi chai hii unatia nini?" akaweka tiki akaenda zake. Alimwuliza mtunza stoo vile vifungo vya kijani kwenye ndoo ni vya kazi gani. Alimwuliza fundi wa cherehani ya tatu kwa nini amekalia mto. Alikuwa anapita ukumbini mikono nyuma, uso mkunjufu, anauliza hapa, anauliza pale, halafu anapanda ngazi haraka kwa sababu simu ya mezani haikosi kuita. Na kutoka dirishani kwake aliona mambo yanabadilika. Ndoo ya vifungo ikatoweka. Mito ikatoweka. Chai ikaanza kuja kavu, bila tangawizi, tangawizi aliyoipenda kuliko kitu kingine chochote kiwandani, lakini akajisemea labda imeadimika sokoni. Kwa ujumla alifurahi. Alimwambia mkewe kwamba semina ile imeamsha watu, kiwanda kina uhai sasa.

Uhai! Haya, turudi kwenye magunia.

Macho yote yalikwenda kwa Mama Pacha, kwa sababu meza ya kukatia fulana ilikuwa yake. Alikuwa ameajiriwa miaka miwili iliyopita, kiwanda kilipoanza kushona fulana, akitokea kiwanda kingine alikokata fulana tupu kwa miaka minane. Mwanamke mrefu, maneno machache, mkono mwepesi. Pacha wake walikuwa sekondari, wavulana wawili wanaokula kama wanne, na baba yao aliondoka zamani bila kuaga. Hayo Bwana Rula aliyajua kwa sababu yeye ndiye aliyesaini barua yake ya ajira. Alimwita ofisini Jumatano.

"Ulipima kabla ya kukata?"

"Nilipima."

"Mbona zimekuwa fupi?"

"Kitambaa hakikulazwa, bosi."

Bwana Rula alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejua. Alikuwa hajui. Kaki huilazi popote, kaki unaifungua kutoka kwenye jora unaikata papo hapo, na suruali inatoka na urefu uleule uliouandika. Lakini meneja aliyekuwa mkataji miaka ishirini atamwulizaje mkataji mwenzake kulaza kitambaa ni kufanya nini? 

"Na kwa nini hakikulazwa?" akauliza badala yake.

Mama Pacha alimtazama kwa muda, kama anayetafuta mzaha umejificha wapi. "Daftari la zamu lipo chini," akasema. "Ukisoma utaona." Akaondoka bila kuongeza neno.

Bwana Rula aliona amedharauliwa. Mtu anaulizwa swali la heshima anajibu soma daftari! Kiburi gani hicho? Hasira ilimpanda, akamwita karani, akamwambia aandike barua ya kumwachisha kazi Mama Pacha, tarehe iwe ya Ijumaa. Karani akaandika. Barua ikaletwa mezani, ikawekewa kalamu juu yake, ikasubiri saini.

Angeisaini palepale. Kilichomzuia ni tabia ya zamani ya mezani: hakuwahi kushusha mkasi kabla ya kupima mara ya pili. Alhamisi mchana, mafundi walipokwenda kula, alishuka chini akalichukua lile daftari.

Daftari la zamu liliandikwa na msimamizi wa ukumbi, mtu mnene mwenye sauti laini ambaye wote walimwita Sawasawa, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kinywani hata umwambie paa linavuja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kujivunia. Bwana Rula alilaza daftari kwenye meza ya kukatia, akafungua kurasa za miezi miwili iliyopita, akaanza kusoma akiwa amesimama.

"Meneja ameuliza chai inatiwa nini. Isitiwe kitu."

Akasoma tena. Akageuza ukurasa.

"Meneja ameuliza vifungo vya kijani. Viondolewe vyote." Chini yake: "Meneja ameuliza kwa nini fundi wa cherehani ya tatu amekalia mto. Mito ni marufuku kuanzia leo, hata kwa wenye maumivu ya mgongo." Ukurasa mwingine: "Meneja ameuliza mafundi wawili wa pindo wanacheka nini. Watenganishwe."

Akakumbuka. Wale wawili walikuwa wakicheka kwa raha, naye akatamani kujua utani wenyewe ili acheke pia. Ndivyo tu. Sasa mmoja alikuwa amehamishiwa mlangoni, mwingine dirishani, na hakumbuki kuwasikia wakicheka tena.

Alivuta kiti akakaa. Kurasa ziliendelea hivyohivyo, miezi miwili, maswali yake yote yamepangwa kwa tarehe, na chini ya kila swali adhabu yake. Yale mabadiliko aliyokuwa akiyaona kutoka dirishani akitabasamu, haya hapa. Kumbe alikuwa amewanyang'anya watu mito na tangawizi na utani, na kila jioni akajipongeza kwa tiki tatu.

Kisha akaukuta ukurasa wenyewe.

"Meneja ameuliza kwa nini kitambaa cha fulana kinalazwa mezani siku nzima. Kisilazwe tena. Kikitoka kwenye jora kikatwe."

Chini yake, kwa kalamu nyingine na mwandiko wa harakaharaka: "Nimemwambia msimamizi zitakuwa fupi. Mama Pacha."

 Alijaribu kuikumbuka siku hiyo, akaipata vipandevipande: kitambaa cheupe kimetandazwa mezani kimelegea, yeye anapita, swali la tatu, tiki. Sura ya Mama Pacha hakuikumbuka. Alichokumbuka ni ngazi. Na kibaya zaidi, akiwa pale kitini na daftari limefunguka mbele yake, aligundua kwamba hata sasa jibu la swali lake mwenyewe hakuwa nalo. Kitambaa kinalazwa kwa nini? Hajui. Aliuliza, mtu anakaribia kufukuzwa kazi, na bado hajui.

Sawasawa alirudi kutoka kula akijifuta mdomo. Alipomwona meneja na daftari, alisimama wima.

"Hivi ndivyo unavyoandika?" Bwana Rula akamwuliza.

"Samahani, bosi. Nitabadilisha mwandiko."

"Sizungumzii mwandiko! Mimi niliuliza tu."

"Sawasawa, bosi."

"Hebu nisikilize. Niliuliza kwa sababu nilitaka kujua."

Sawasawa akatabasamu, tabasamu la mtu anayetaniwa na mkubwa wake na hataki kuonekana mgumu wa kuelewa. "Wewe, bosi? Wewe Rula mwenyewe? Umekata hapa miaka ishirini, utake kujua nini kwetu? Mtu kama wewe akiuliza, sisi tunajua tumeshakamatwa. Afadhali kurekebisha mapema."

"Na Mama Pacha? Alisema nini siku ile?"

"Aa, alibisha kidogo. Nikamwambia mama wee, meneja anakupima akili, usijitie ujuaji. Akakukimbilia ngazini akueleze. Ukawa umeshaingia ofisini, mlango umefungwa." Sawasawa aliyasema hayo bila ubaya wowote, kama anayesimulia habari za hali ya hewa.

Bwana Rula alilifunga daftari. Akawaza ripoti, akawaza barua iliyosubiri juu, akawaza ofisi yake yenye kioo na miaka ishirini aliyosimama ili kuifikia. 

"Daftari hili," akauliza taratibu, "nani mwingine amelisoma?"

Sawasawa aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogea karibu. "Sawasawa, bosi. Nimekuelewa. Stoo ina panya, karatasi zinaliwa kila siku. Ukurasa mmoja si kitu. Hata ikiwa ni kurasa tatu."

Bwana Rula alifungua mdomo kusema kwamba ameuliza tu. Mdomo ukabaki wazi. Maana hili, tofauti na yale mengine yote, hakuwa na hakika kama lilikuwa swali. Aliona haya, haya za kweli, zile zinazopandisha joto masikioni, na aliona haya zaidi kwa sababu Sawasawa alikuwa akimtazama kwa upendo.

"Panya wakiligusa daftari hili nitakula sahani moja na wewe," akasema. Akalitia kwapani akapanda nalo.

Nyumbani jioni ile hakula vizuri. Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mtu aliyezoea kusoma nyuso, akamsogezea sahani mara ya pili bila kusema kitu. Mwishowe Bwana Rula akamweleza yote, lakini aliyaeleza kama mkasa wa kuchekesha: chai, mito, vifungo. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa ndiyo unajua," akasema. "Daktari mkuu akipita wodini akauliza mgonjwa huyu amepewa dawa gani, unajua sisi tunajibu nini? Samahani. Hata hatujasikia swali vizuri."

"Na yeye hufanyaje?"

"Yule wa zamani alikuwa anaondoka na samahani yake. Huyu wa sasa huvuta kiti. Mwanzoni tulidhani anaumwa miguu." Akaacha kucheka. "Huyo mama wa fulana, barua yake umesaini?"

"Bado."

"Bado maana yake nini, baba watoto?"

 Bwana Rula alijua angeweza kusaini kesho saa tano na nusu na dunia isingesimama. Mama Pacha angeondoka na mfuko wake, daftari lingekaa kabatini, na yeye angeendelea kuwa Rula, mtu asiyekosea mstari. Jambo hilo lilikuwa jepesi, na wepesi wake ndio uliomtisha.

Ijumaa saa sita kasoro dakika kumi alibisha hodi kwa Tajiri. Ripoti alikuwa ameiandika kwa mkono, nusu ukurasa, akaiweka mezani pamoja na daftari lililofunguliwa panapohusika. Barua ya Mama Pacha aliiweka juu yake ikiwa imechanwa vipande viwili.

Tajiri alisoma ripoti. Akasoma daftari. Akarudi kwenye ripoti.

"Hili ni jina lako."

"Ndilo."

"Unakumbuka nilisema mwenye jina atafanywa nini?"

"Nakumbuka. Ataondoka."

Tajiri alivua miwani. Sauti yake ilishuka mpaka Bwana Rula akalazimika kuinama. "Kitambaa cha fulana tunakishona mwaka wa pili huu. Wewe ni meneja. Unaniambia hukijui?"

"Sikijui. Naijua kaki, naijua drili ya makoti, nazijua nguo zote ngumu. Hiki kilipokuja nilikuwa nishapanda juu. Watu wakikizungumza natikisa kichwa."

"Miaka miwili unatikisa kichwa."

"Ndiyo."

"Na hukuona uniambie."

"Ningekuambia ungeniacha ghorofani?"

 Tajiri alikuwa mtu mgumu, lakini mwongo hakuwa. "Nisingekuacha," akakiri. Akageuza kurasa za daftari moja baada ya nyingine, akafika kwenye habari za mito, pua ikamcheza kama anayezuia chafya. Kisha uso ukarudi mahali pake.

"Mteja nimemwambia mtu anaondoka, na mimi sirudi nyuma. Utampigia simu wewe mwenyewe leo hii, umwambie aliyeharibu ni meneja na ametolewa ghorofani. Ofisi naifunga, funguo niachie hapa. Utakaa chini, kwenye meza ya fulana, mpaka fulana ya mwisho itoke. Ukishakijua kitambaa tutazungumza. Usipokijua, tutazungumza pia."

"Na Mama Pacha?"

"Mama Pacha nani kamgusa? Umeandika jina moja, nami niliomba jina moja." Akasukuma simu upande wake. "Piga."

Bwana Rula akapiga. Mteja alikuwa na mengi ya kusema, na aliyasema yote. Bwana Rula alisimama na simu sikioni akisikiliza mpaka mwisho, akajibu "ni kweli" mara nne. Kisha akaacha funguo mezani akashuka ngazi.

Habari za barua zilikuwa zimeshatangulia, karani hakuwa kisima cha siri. Mama Pacha alikuwa ameshafungasha. Aproni ilikunjwa, viatu vya kazi vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, naye alikuwa akifuta meza, meza aliyodhani haitakuwa yake tena baada ya nusu saa. Cherehani zilikuwa zinalia, lakini kila fundi alikuwa akishona huku jicho moja liko pale.

"Barua haipo," Bwana Rula akasema. "Nimeichana. Kosa lilikuwa langu, nimeandika jina langu."

Mama Pacha aliendelea kufuta. Hakushangilia, wala hakusema asante, na kwa nini aseme? Siku tatu alikuwa amelala macho wazi akipiga hesabu za karo. Mkono wake tu ndio ulipunguza kasi.

"Daftari umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Basi na mimi nikuulize." Akaweka kitambaa cha kufutia chini. "Siku ile nilikukimbilia. Kama ningekuwahi ngazini nikakueleza yote, ungenisikiliza?"

Cherehani mbili tatu zikanyamaza. Jibu zuri lilikuwa karibu, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na hakuna mtu pale ambaye angeweza kumkatalia. Ningekusikiliza, bila shaka ningekusikiliza. Bwana Rula alilitafuna akalimeza.

"Hapana," akasema. "Ningekuambia najua."

Mama Pacha alimwangalia vizuri, kuanzia usoni mpaka kwenye viatu vilivyong'arishwa. Kisha akatoa aproni kwenye mfuko wake akaivaa, akafunga kamba kiunoni. Akaenda kwenye rafu, akabeba jora jipya begani, akalitua kwenye kichwa cha meza kwa kishindo.

"Kiwandani kinakotoka," akasema, "mashine inakizungusha kwenye jora kwa nguvu. Kinakaa humo miezi, kimenyooshwa. Ukikifungua kinataka kujirudia, lakini polepole, hata siku nzima. Ukikikata kabla hakijajirudia umekata uongo. Kitajirudia mbele ya safari, kikiwa tayari kwenye mwili wa mtoto."

"Vidole vinne," Bwana Rula akasema.

"Hiki ni vinne. Kuna cha vinane. Hujui mpaka ulaze." Akamsogezea pembe ya kitambaa. "Koti vua. Shika upande huo, mimi nashika huku. Tunakifungua, kinashuka chenyewe mezani. Sisi tunakisindikiza tu. Usikivute."

Alivua koti, akakosa pa kuliweka, akalitundika kwenye msumari wa aproni. Akashika. Kitambaa kilikuwa laini mno, kilipita vidoleni hakina mfupa wowote, si kama kaki inayokushikilia nawe ukaishikilia. Wakaanza kukifungua. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Unavuta," Mama Pacha akasema.

"Sivuti."

"Unavuta, bosi."

 Sawasawa alisimama karibu na nguzo akiwa ameshika kalamu, hajui aandike nini. Watu walisubiri kuona mkubwa akisahihishwa mbele yao atafanya nini, na wengine walikuwa tayari wameinamisha vichwa.

Bwana Rula alitaka kusema tena kwamba havuti. Alikuwa na hakika. Alikuwa amekunjua majora ya kutosha kufunika barabara kutoka hapa mpaka anakojua yeye, na mikono ile ndiyo iliyomfikisha ghorofani. Akaangalia vidole vyake. Kucha zilikuwa zimekuwa nyeupe kwa kubana, na kitambaa kati ya mikono miwili kilikuwa kimekaza.

"Kweli navuta," akasema. "Nionyeshe tena."